Kukagua na Kukarabati Kiunzi cha Mwaloni cha Koteji ya Kiingereza

Ukitoa kuta zote za koteji ya kale ya Kiingereza iliyojengwa kwa kiunzi, nyumba haianguki. Paa linabebwa na kiunzi cha mwaloni: nguzo na boriti zilizoungwa kwa ulimi na tundu, yaani ncha iliyochongwa ya mbao moja ikaingia kwenye tundu la nyingine, zikakazwa kwa vigingi vya mti, bila msumari hata mmoja kwenye viungo vikuu. Kilichoko katikati ya mbao ni kiambaza tu, fito na udongo, au matofali yaliyopachikwa miaka ya baadaye. Makosa mengi ya ukarabati huanzia hapo. Mtu anautengeneza ukuta, anapiga lipu ya saruji, anaziba nyufa kwa silikoni, anapaka rangi ya plastiki. Nyumba inapendeza kwa macho, na nyuma ya lipu ile kiunzi kinalowa bila njia ya kukauka.

Mwongozo huu unafuata mpangilio wa kazi yenyewe: kibali, kukisoma kiunzi, kutafuta maji, kuunga mbao zilizooza, kukandika upya, na chokaa. Paa la nyasi tumeliacha. Hiyo ni kazi ya waezekaji.

Kibali

Nchini Uingereza jengo la kabla ya 1700 lililobaki karibu na hali yake ya asili huingizwa kwenye orodha ya urithi. Madaraja ni matatu, I, II* na II, na zaidi ya asilimia 90 ya majengo yote yaliyoorodheshwa yako daraja la II. Orodha hiyo hutunzwa na Historic England, shirika la umma la urithi, na iko wazi mtandaoni. Itazame kabla hujagusa kitu. Sheria ya mwaka 1990 inalinda jengo zima, ndani na nje, si uso wa mbele peke yake kama wengi wanavyodhani. Kulibadilisha bila kibali ni kosa la jinai, na adhabu yake yaweza kuwa faini isiyo na kikomo au kifungo cha hadi miaka 2. Ombi hupelekwa halmashauri ya eneo, halina ada, na lengo ni lijibiwe ndani ya wiki 8.

Kurudishia kitu kilekile kwa mali ileile, kama kuziba kipande kidogo cha udongo kilichodondoka, kwa kawaida hakuhitaji kibali. Kukata nguzo na kuiunga kipande kipya mara nyingi kunahitaji. Muulize afisa wa uhifadhi wa halmashauri, na jibu lake ulipate kwa maandishi.

Halafu kuna popo. Sheria inawalinda wao na mahali wanapolala, hata katika miezi ambayo hawapo. Ukikuta darini vinyesi vidogo vyeusi, kifikiche kimoja ukiwa umevaa glavu: cha popo husagika kuwa unga mkavu, cha panya kinabaki kigumu. Kikisagika, simamisha kazi ya paa na umwite mtaalamu mwenye leseni.

Kukisoma kiunzi

Jua kwanza uko mbele ya kiunzi cha aina gani, kwa sababu ndiyo inayokuambia uzito unapita wapi. Magharibi, kaskazini na katikati ya nchi utakuta kraki: mbao mbili ndefu zilizopinda, mara nyingi zimepasuliwa kutoka gogo moja ili zifanane, zinaanzia karibu na ardhi na kukutana kileleni kama herufi A. Katika nyumba ya namna hiyo ukuta wa nje haubebi paa. Mashariki na kusini mashariki, yaani Essex, Suffolk na Kent, kraki ni adimu mno. Huko kinachotawala ni kiunzi cha sanduku. Boriti ya chini inalala juu ya msingi mfupi wa mawe au matofali. Juu yake zinasimama nguzo, na katikati ya nguzo viguzo vyembamba. Mwamba unapita juu ya nguzo kwa urefu wa nyumba, mitambaapanya inavuka kutoka ukuta huu hadi ule, na makombamoyo yanapanda mpaka kileleni. Mishazari, mbao za ulalo kwenye pembe, huzuia kiunzi kisilale upande. Kutoka mtambaapanya mmoja hadi mwingine ni kama mita 3 hadi 5, na nyumba ilihesabiwa kwa vyumba hivyo vya kiunzi.

Sasa itazame nguzo moja kwa karibu, pale juu. Kichwa chake ni kipana kuliko mguu. Seremala aligeuza gogo juu chini, sehemu nene ya shina ikaja juu, kwa sababu hapo alihitaji nafasi ya ndimi mbili. Ulimi wa kwanza unaingia chini ya mwamba. Wa pili uko nyuma yake, umesimama juu zaidi, na unaingia chini ya mtambaapanya. Kisha mtambaapanya nao unalala juu ya mwamba kwa kiungo kinachopanuka mwishoni kama mkia wa njiwa, ili uzito wa paa usiusukume mwamba nje. Mbao tatu zimefungana mahali pamoja, na kila mojawapo inazizuia nyingine mbili. Kiungo hiki kilitumika tangu karne ya 13 hadi ya 19.

Udhaifu wake uko kwenye huo mkia wa njiwa. Mwaloni ulichongwa ukiwa mbichi, na ulipokauka mkia ukasinyaa ndani ya tundu lake ukalegea. Ukiona uwazi kati ya bega la mtambaapanya na mwamba, na ukuta umeinamia nje, hicho ndicho kilichotokea. Kasoro ya pili ni kichwa cha nguzo kupasuka wima kati ya ndimi mbili. Ufa wa zamani, wenye vumbi na rangi ya kijivu ndani, mara nyingi umeshatulia. Ufa wenye mbao nyeupe safi ndani ni wa majuzi. Mwite mhandisi anayejua majengo ya kale.

Tafuta alama za mafundi. Ni namba za Kirumi zilizochanjwa kwenye mbao karibu na viungo, na kwa kawaida 4 ni IIII na 9 ni VIIII. Kiunzi kilipangwa kwanza kikiwa kimelala uwanjani, kila ulimi ukachongwa kwa tundu lake tu, kisha kikavunjwa na kusimamishwa mahali pake. Ulimi wa IIII haukai sawasawa kwenye tundu la V, na ndiyo maana ukivitoa viguzo viwili uviwekee alama zako. Ukiona mfululizo wa I, II, III, kisha VI, fahamu kwamba hapo katikati pengine paliondolewa kitu.

Matundu matupu nayo yana habari. Msitari wa matundu chini ya boriti waonyesha ukuta uliotolewa. Vishimo vya mraba vilivyokaa kwa pembe, kama almasi, chini ya mwamba, na mfereji mwembamba kando yake, ni dirisha la zama ambazo kioo kilikuwa cha matajiri: palisimama nondo za mti, na kibao kiliteleza kwenye mfereji kufunga usiku. Wenyeji hupenda kusema mbao zenye matundu matupu zilitoka kwenye meli zilizovunjwa. Karibu kila mara zimetoka kwenye nyumba iyo hiyo, au ya jirani. Usiyazibe.

Panda darini na tochi. Makombamoyo yakiwa meusi kwa masizi, nyumba ilijengwa bila dohani: moto uliwaka katikati ya sakafu ya ukumbi, moshi ukapanda mpaka paani. Dohani na ghorofa viliingizwa baadaye, zaidi katika karne ya 16 na 17. Ukitaka kuona ukumbi wa namna hiyo ulivyokuwa, nyumba ya Bayleaf katika jumba la makumbusho la Singleton, West Sussex, imesimamishwa upya ukumbi ukiwa wazi hadi paani. Nyingine ni Clergy House ya Alfriston, jengo la kwanza kununuliwa na National Trust, shirika la hisani la kuhifadhi urithi, mwaka 1896, kwa pauni 10. Masizi ni ushahidi. Usiyaoshe wala kuyapaka kitu.

Jambo la mwisho kabla ya kushika patasi ni tarehe. Mwaloni husomwa umri kwa pete za mwaka, na mwaka kamili wa kukatwa hupatikana pale tu ambapo ukingo wa chini ya gome umebaki. Ukingo ukiwa haupo, mtaalamu hukadiria kwa kuongeza pete 9 hadi 41 juu ya pale sehemu nyeupe ya nje inapoanzia. Sehemu hiyo nyeupe ndiyo wadudu wanayoila, ni laini na ina sura mbaya, na fundi asiyejua huichonga yote "kusafisha". Akimaliza, mwaka wa nyumba umekwenda na vumbi.

Kutafuta maji

Vifaa ni vichache: timazi, tochi, msharasi au bisibisi nyembamba, kipima unyevu, na kalamu ya risasi.

Usiogope kupinda. Mwaloni mbichi husinyaa kiasi cha asilimia 7 au 8 kwa kufuata mzunguko wa pete, nusu ya hapo kuelekea kiini, na kwa urefu karibu hausinyai kabisa. Kwa hiyo mbao zilijikunja na kupasuka katika miaka yake ya mwanzo, nyumba ikalegea nazo, kisha ikakaa. Nyufa ndefu zinazofuata uzi wa mti ni za kukauka. Zinazokata uzi ndizo za kushughulikia. Kama una shaka, chora msitari wa kalamu ukivuka ufa, andika tarehe, upime kila mwezi kwa miezi 12. Chini ya hapo utadanganyika, kwa kuwa mbao huvimba majira ya baridi na kusinyaa kiangazi.

Kisha choma kwa msharasi. Mwaloni mzima unaukataa. Uliooza unaupokea kama keki. Anza na miguu ya nguzo na boriti ya chini, halafu nyuma ya mabomba ya mvua, chini ya madirisha, na kila tundu linalotazama juu, maana ni kikombe. Tundu la kiguzo kwenye boriti ya chini ndilo baya kuliko yote: maji yanateremka na uso wa kiguzo, yanaingia, na hayana pa kutokea. Kipima unyevu kikionyesha chini ya asilimia 20, kuvu haliwezi kuendelea. Juu ya hapo, tafuta chanzo. Usiamini kipimo kimoja, kwani chumvi na misumari hukidanganya. Pima sehemu tano za mbao ileile na ulinganishe.

Matundu ya wadudu yenye upana wa milimita 2 hivi, kwenye sehemu nyeupe ya nje, ni ya dumuzi wa kawaida wa samani na mara nyingi ni ya zamani. Yenye milimita 3, pamoja na unga wenye vidonge bapa kama vijimkate, ni ya dumuzi wa mwaloni anayegonga kichwa kwenye mbao kumwita mwenzake, mlio unaosikika Aprili hadi Juni. Huyu hula mwaloni ambao kuvu limeshaulainisha. Kumpulizia dawa kwa nje ni kupoteza fedha, kwa sababu funza wako ndani sana na dawa haifiki. Kausha mbao, naye ataisha mwenyewe, ingawa itachukua miaka.

Ukipata unyevu, mara nyingi utakuta mojawapo ya mambo matatu: mifereji ya paa iliyoziba, udongo wa nje uliopanda kwa karne kadhaa mpaka ukafunika msingi, au saruji. Mifereji ni kazi ya asubuhi moja. Udongo uuchimbe mpaka boriti ya chini iwe angalau milimita 150 juu ya ardhi, lakini usishuke chini ya jiwe la mwisho la msingi. Misingi hii ni mifupi kupita unavyofikiri, na mtaro mmoja wa kina unatosha kuuteremsha ukuta.

Saruji iondoe kwa patasi na nyundo nyepesi, ukianzia mahali ilipokwisha kuachana na ukuta. Ikiwa imeshika tofali kiasi cha kung'oka na uso wake, iache hapo. Tofali lililochubuka hulowa haraka kuliko lililofunikwa. Silikoni na povu la kuziba vitoe vyote. Baada ya hapo ngoja. Mwaloni hukauka kwa kasi ya kama milimita 25 za unene kwa mwaka, na mbao ambayo leo yaonekana ya kutupwa, ikishakauka, huenda ukakuta imeoza sentimeta 2 za nje tu na kiini ni chuma.

Kuunga mguu wa nguzo

Kata kidogo kadiri inavyowezekana. Chama kilichoanzishwa na William Morris mwaka 1877 kwa ajili ya kulinda majengo ya kale, SPAB, kimeshikilia msimamo huo tangu hapo, na kwa seremala una faida ya wazi: kila kiungo cha zamani unachokiacha ni kiungo ambacho hutakichonga.

Tegemeza kwanza. Weka mihimili ya chuma pande zote mbili za nguzo, chini ya mtambaapanya, kila mmoja ukisimama juu ya ubao mpana wa unene wa milimita 50 na ukiwa na ubao mwingine kichwani. Kaza mpaka mhimili ubebe uzito, basi. Usijaribu kuinua nyumba irudi ilivyokuwa. Imekaa hivyo miaka mingi, viungo vyote vimejizoesha, na ukilazimisha utasikia ndimi zikivunjika moja baada ya nyingine.

Kata kilichooza mpaka msharasi ukatae. Kwa nguzo ya milimita 200, kiungo kiwe na urefu wa milimita 500 hadi 600, yaani mara 2.5 hadi 3 ya unene. Ukichora kwa upande, nguzo na kipande kipya kila kimoja kimekatwa nusu ya unene na kulala juu ya mwenzake. Mabega ya juu na ya chini yamekatwa kwa mshazari kuelekea ndani, ili kichwa cha kila kipande kiingie chini ya mdomo wa mwenzake na kisiweze kuchomoka kwa ubavu. Mabega ndiyo yanayobeba uzito. Urefu ni wa kuzuia kupinda. Yachonge yakutane kwa uso wote. Yakigusana kwenye ukingo tu, ukingo utasagika na nguzo itashuka milimita kadhaa mara utakapotoa mihimili. Njia ya kuhakiki ni kupaka chaki ya rangi uso mmoja, kusukuma pamoja, kufungua, na kuchonga palipopata rangi.

Kipande kipya kiwe cha mwaloni uliokaushwa kwa hewa. Ukitumia mbichi, kipande cha milimita 200 chaweza kupungua milimita 10 au zaidi, na kiungo ulichokichonga kwa wembe kitaachana. Kama mkavu wa ukubwa huo haupatikani, acha mbichi izidi milimita chache upande wa uso, na ukubali kurudi baadaye kuisawazisha. Uzi wa mti ufuate urefu wa nguzo, na sehemu nyeupe ya nje isikae chini.

Bolti za kukaza kiungo hicho ziwe za chuma kisichoshika kutu, za milimita 12 hadi 16. Mwaloni una tindikali inayokula chuma cha kawaida na kutiririsha weusi wa bluu juu ya ukuta uliopakwa chokaa, doa ambalo halitoki.

Vigingi ni vya mwaloni mkavu, uliopasuliwa kwa kufuata uzi na si kukatwa kwa msumeno, milimita 20 hivi, vimechongeka kidogo kuelekea ncha. Kwenye kiungo cha ulimi na tundu, toboa kwanza mashavu ya tundu, yaani kuta zake mbili za kando, moja kwa moja. Ingiza ulimi, tia alama kitovu cha tobo kwa ncha ya keekee, utoe ulimi, kisha uutoboe milimita 3 karibu zaidi na bega lake, pale ulimi unapoanzia. Kigingi kikipigwa kitapita njia iliyopinda, na kwa kujinyoosha kitalivuta bega likae. Wanaoanza hukosea upande: wakisogeza tobo kuelekea ncha ya ulimi, kila pigo la nyundo linakifungua kiungo badala ya kukifunga. Wengine huzidisha, ukipita milimita 5, kigingi hukatika ndani au ulimi hupasuka mbele ya tobo.

Boriti ya chini ni shida ya namna nyingine, kwa sababu viguzo vyote vimesimama juu yake na huwezi kuviinua viingie kwenye matundu mapya. Ibadilishe kwa vipande, si zaidi ya chumba kimoja cha kiunzi kwa wakati. Matundu yachonge yawe wazi upande wa ndani, boriti isukumwe chini ya viguzo kutoka ubavuni, kisha uwazi wa kila tundu uzibwe kwa kipande cha mwaloni kilichopigwa kigingi. Ndimi zilizooza zikatwe, na mahali pake chonga mfereji kwenye kiguzo upachike ulimi wa bandia. Toboa tundu dogo la kutolea maji chini ya kila tundu la kiguzo. Boriti ilaze juu ya chokaa na mchanga. Karatasi ya plastiki chini yake haifai kitu: huzuia maji yanayopanda na pia yale yanayoteremka yasitoke, na mbao hukaa kwenye sinia.

Kukandika

Kiambaza cha zamani ukikiona kimelegea, usikimbilie kukibomoa. Fito zikiwa nzima, kandika juu yake. Na udongo ulioanguka usiutupe. Ni udongo bora utakaoupata: ulichaguliwa, ukachanganywa, ukathibitika. Uvunjevunje, uloweke usiku kucha, uongeze nyasi mpya.

Panapohitajika kuanza upya, pasua vijiti vya mwaloni vya unene wa milimita 25 kwa 50. Boriti ya juu ya kila uwazi wa kiunzi huwa na vishimo, ya chini ina mfereji. Kijiti kilichochongwa ncha huingizwa kwenye kishimo, kisha mguu wake husogezwa kwenye mfereji mpaka ukae wima. Nafasi kati ya vijiti iwe kama milimita 250 hadi 300. Fito za mhazeli, mbichi, unene wa milimita 15 hadi 25, husukwa kwa ulalo nje na ndani ya vijiti. Ufito unapogeukia ukingoni usiuvunje, usokote kwanza kama kamba ndipo uukunje.

Udongo uwe wa chini ya ule wa shamba, wenye mfinyanzi wa kutosha kuviringika kama kamba ya unene wa kidole bila kukatika. Ukiwa na mfinyanzi mwingi mno ongeza mchanga mkavu, la sivyo utapasuka kama tope la bwawa lililokauka. Nyasi kavu zikatwe sentimeta 5 hadi 10. Zitie mpaka kila konzi unayoichana ionyeshe nyuzi zimejaa. Samadi ya ng'ombe kiasi hufanya udongo unate na usilegee ukilowa. Kanyaga kwa miguu. Mashine ya zege inauzungusha udongo uwe mipira.

Watu wawili, mmoja nje mmoja ndani, waanze chini, wote wakisukuma pamoja mahali pamoja. Udongo wa pande mbili lazima ukutane katikati ya fito. Usipokutana, utakuwa na magamba mawili yanayosubiri kudondoka. Lowesha fito kabla. Uishie milimita 10 nyuma ya uso wa mbao, na uuchanechane au utoboetoboe kwa kidole ungali laini, lipu ipate pa kushika. Wiki 2 hadi 4 kutegemea hewa, udongo utasinyaa na kuachana na mbao pembeni kwa milimita kadhaa. Huo uwazi ushindilie udongo mwingine. Usipige lipu kabla kusinyaa hakujaisha.

Lipu na chokaa

Lipu ni sehemu 1 ya chokaa kilichoiva, kilichokaa ndani ya maji angalau miezi 3, kwa sehemu 3 za mchanga wenye chembe kali, na manyoya ya mbuzi au ng'ombe. Manyoya yatiwe siku ya kupiga, yakikaa muda mrefu kwenye chokaa kibichi huliwa. Lowesha udongo, piga mkono wa kwanza milimita 6 hadi 9, uuchane, acha ukaze, halafu mkono wa mwisho wa milimita 3. Uso wake uwe sawa na wa mbao. Lipu iliyovimba mbele ya mbao hutengeneza rafu ndogo juu ya kila boriti, na maji ya mvua hukaa hapo yakanyonywa na kiungo. Funika kwa magunia mabichi kwa siku kadhaa. Usifanye kazi hii chini ya nyuzi joto 5. Katika hali ya hewa ya Uingereza maana yake ni kati ya Aprili na Septemba, maana baridi kali ikiikuta lipu ina maji itaipasua. Chokaa huunguza: vaa miwani na glavu, na maji safi yawe karibu.

Chokaa cha kupaka kikorogwe mpaka kiwe kama maziwa. Kikiwa kibichi ukutani utaona kama hukupaka kitu, kisha kitakuwa cheupe kikikauka. Hapo ndipo watu hupoteza subira wakakizidisha uzito, na baada ya mwezi kinashika nguo kama unga. Mikono 4 au 5 myembamba, ukutani pakiwa pamenyunyiziwa maji, saa 24 kati ya mkono na mkono. Rangi ya udongo isizidi asilimia 10 ya uzito wa chokaa.

Mbao zenyewe hazihitaji chochote. Zile nyumba nyeusi na nyeupe za Cheshire na Herefordshire, weusi wake mwingi ni mapambo ya karne ya 19. Zamani mwaloni uliachwa ufifie kuwa wa kijivu, au chokaa kilipitishwa juu ya mbao na udongo pamoja. Kama afisa wa uhifadhi amekubali weusi utolewe, tumia brashi na maji kidogo. Mashine ya kupuliza mchanga huondoa alama za shoka na tezo pamoja na rangi, na kuuacha uzi wa mti wazi ukinywa mvua.

Baada ya majira ya baridi ya kwanza zunguka nyumba tena. Mianya myembamba itakuwa imerudi pembeni mwa viambaza, hasa upande wa magharibi mvua inakopiga. Isindilie lipu ya chokaa yenye manyoya kwa kibapa chembamba, ipitishe chokaa, na ukague mifereji kila Novemba majani yakishaanguka.